Ubao Ulionywewa

Wifi yangu Mwanajuma binti Mwinshehe alikuwa na ulimi mkali kuliko wangu, na mimi, wanaonijua watakwambia, sijawahi kuazima ulimi kwa mtu. Lakini mwenzangu alikuwa na mkono. Akishika kalamu yake ya mwanzi, akaichovya kwenye zafarani, herufi zinakaa ndani ya sahani nyeupe mpaka unaona huruma kuziosha.

Na kuziosha ni lazima, ndiyo kazi ya kombe. Mtu ana homa, aya zinaandikwa kwa zafarani, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anayanywa. Kazi yote inaishia tumboni! Pale Bagamoyo, miaka ile kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, kila mtu alijua kwamba kombe zuri linatoka kwa Mwalimu Majaliwa. Huyo Mwalimu Majaliwa ndiye mume wangu. Anapokea sahani barazani, anaiingiza ndani, dada yake anaandika, kisha yeye anaitoa nje huku akikohoa kikohozi cha mwanachuoni. Mkono wake yeye? Weee! Marehemu baba yao aliwafundisha wote wawili, lakini herufi za mume wangu ni nyayo za kuku aliyekanyaga matope. Kusoma anasoma vizuri, simwonei.

Mwanajuma hakuwa akilalamika. Sahani inaoshwa, jina la nani lingebaki? Mpaka ulipokuja ubao.

Masika yalikuwa yamekatika, majani yamesimama hadi vizingitini, na wajenzi wamerudi kuchanganya chokaa. Bwana Salumu, tajiri aliyekuwa akinunua gundi ya sandarusi toka Saadani hadi Mlingotini, alikuwa akijenga nyumba ya mawe. Ubao wa juu ya mlango alitaka uandikwe Ayatul Kursi, kisha fundi auchonge kwa kuufuata wino. Akamkabidhi Mwalimu Majaliwa kazi ile, akamwambia, "Nikiipenda, na milango ya maduka yangu utaandika wewe. Nisipoipenda, yuko mwandishi ameshuka kutoka Unguja, hana kazi."

Ubao ulipofika uani, wa mvule, umepigwa randa vizuri, Mwanajuma aliupapasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikamuona anatabasamu peke yake.

"Kaka," akamwambia mume wangu, "huu haunyweki. Huu utakaa mpaka wajukuu zetu. Pale mwisho panapoandikwa jina la mwandishi, nataka langu."

Mume wangu akashika kichwa. "Dada! Mlango wa bwana mkubwa useme jina la mwanamke? Kila mpita njia asome jina lako?"

"Apite, asome."

"Haiwezekani."

"Basi jina la mtu mwingine sitaandika. Nitapaacha wazi, tuone nani atachoka kwanza."

Mimi nikamwambia mume wangu wazi kwamba mficha uchi hazai, na kazi kubwa namna hii haifichiki milele. Akaniambia nikapike.

Wino wa masizi unazama ndani ya mti na hautoki tena, naye Bwana Salumu alitaka ubao ubaki safi baada ya kuchongwa. Kwa hiyo Mwanajuma akaupaka ubao uji mwepesi wa muhogo, ukakauka ukawa mweupe, ndipo akaandika juu yake kwa zafarani ileile ya sahani. Kazi haikuwa rahisi. Herufi za sahani huzunguka, za ubao husimama safu moja, na kila ilipompotea nafasi alifuta akaanza upya. Mgongo ulimuuma akawa analala kifudifudi. Nilimwambia apumzike, akaniambia nimpishe mwanga. Alipomaliza, nasema kweli tupu, nililia. Mstari ule ulikuwa umetulia, mnene kwenye mapindo, mwembamba kwenye ncha, na pale mwisho pamebaki nafasi ya jina, peupe.

Tukauacha uani ukauke. Jirani alikuwa amefiwa, tukaenda kukaa matanga. Mume wangu alikuwa msikitini.

Tuliporudi, ubao ulikuwa umelowa maji chapachapa. Hamna hata nukta. Pembeni yake ameketi Kulwa, mke wa mpagazi mmoja, Mnyamwezi, mtoto mgongoni na sufuria mkononi.

"Nilipiga hodi, mama zangu, sikuitikiwa," akasema. "Mtoto anachemka tangu jana. Nikaona kombe mmeshaliandaa. Nikasema leo Mwalimu ameandika la mji mzima!"

"Kulwa," nikamuuliza, "umeliosha?"

"Lote, mama. Na hata tone moja sikulidondosha chini, naijua adabu yake. Amekunywa, yaliyobaki nimempaka mwilini."

Loo! Nilitaka kumrarua. Halafu nikakumbuka kwamba hajakosa. Zafarani ni zafarani; katika mji wetu nani aliwahi kuiona ikiandikiwa kazi nyingine? Mwanajuma alikaa chini palepale kwenye maji, akajifunika uso, akalia kwa hasira mpaka mabega yakatikisika. Kulwa akaweka sufuria chini, maana sasa alifahamu kwamba kuna jambo. Baadaye Mwanajuma akainuka, akanyoosha mkono akamgusa mtoto kwenye paji la uso.

"Anatoka jasho," akasema. "Nenda kamlaze. Maji yakimwagika hayazoleki."

Kulwa hajafika mbali, tukasikia sauti za wanaume barazani. Mume wangu amerudi kutoka msikitini, na nani kafuatana naye? Bwana Salumu! Kaja kuuona ubao wake. Watu wakaja kuuchukua uani wakaupeleka barazani, nasi tukasimama nyuma ya pazia, roho mkononi.

Mume wangu alipouona ulivyo mtupu, rangi ilimtoka. Halafu akakohoa kile kikohozi chake. "Nimeufuta mwenyewe, bwana. Herufi hazikuniridhisha."

"Ndivyo alivyo fundi wa kweli," akasema Bwana Salumu, akavuta kiti. "Haya, andika sasa. Sijawahi kukuona ukiandika, nitakaa nitazame."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile ya mume wangu haikufika hata mlangoni. Akaomba ubao upanguswe. Ukapanguswa. Akaomba uji, zafarani, kalamu nyingine. Vyote nilimpa kwa nyuma ya pazia, huku nikingoja uji ukauke na nikimuomba Mungu alete mvua. Hatimaye akachovya, akapiga alif. Alif, jamani! Herufi ya fimbo moja! Ikatoka imepinda kama mkia wa mbuzi. Bwana Salumu akaitazama, akamtazama yeye.

Nikahisi pazia linasogea. Mwanajuma alikuwa amejitanda ukaya wake kichwani na ameshatoka nje, mbele ya wanaume wote wale.

"Kaka, nipishe."

Akapiga magoti, akaifuta ile alif kwa ncha ya kitambaa, akaanza. Hakuna aliyekohoa. Herufi zilishuka moja baada ya nyingine kana kwamba zilikuwamo ndani ya mti zikisubiri kuitwa, na safari hii hakufuta hata moja. Alipoinua kalamu, Bwana Salumu alikuwa amesimama.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu baba alipofariki, bwana."

"Na sahani za homa?"

"Zote."

"Na ile niliyoletewa nikiwa kufani?"

"Hiyo niliiandika mara mbili. Ya kwanza sikuipenda."

Bwana Salumu akauinamia ubao, akaufuata mstari kwa macho toka mwanzo. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa nauona ubao unabebwa, unapelekwa kwa yule wa Unguja, na wifi yangu anarudi kwenye sahani zake mpaka kufa. Kisha bwana yule akaelekeza kidole.

"Pale mwisho mbona pako wazi?"

"Pa jina la mwandishi," akajibu Mwanajuma, macho chini. "Jina sina ruhusa nalo."

Bwana Salumu akamgeukia mume wangu. "Mwalimu, wewe ndiye kaka yake. Liandikwe jina la nani?"

Watu wote wakamtazama. Angeweza kusema la baba yao, na hakuna ambaye angemlaumu. Nilimuona anaitazama baraza yake ambayo watu waliijaza kwa ajili ya mkono usio wake.

"La aliyeandika," akasema. "Mwanajuma binti Mwinshehe." Akalitamka kwa sauti, akawasikilizisha hata waliokuwa njiani.

Nimemgombeza mume wangu mengi katika maisha yetu, lakini siku ile nilimpenda. Mwanajuma akachovya kalamu. Akaliandika jina lake pale palipokuwa peupe, herufi kwa herufi.