Gari Halina Kana

Mara ya kwanza mke wangu aliponifundisha kuendesha gari, niliubomoa ukuta wa jirani. Hatukuwa tumemaliza mwaka tangu tuoane. Yeye alikuwa mtoto wa mjini, wa Kismayo, baba yake dereva wa lori la samaki, na aliendesha tangu usichana wake. Mimi ni mtu wa Koyama. Kisiwani kwetu hakukuwa na gari wala njia ya kulipitisha, na mpaka naoa sikuwahi kushika kitu cha kuongozea ila kana, ule mkono wa mti unaogeuza usukani wa chombo.

Asiyejua bahari nimweleze. Ukiisukuma kana kulia, omo, yaani pua ya chombo, huenda kushoto. Ukiivuta kushoto, omo huenda kulia. Mikono yangu ilijua hivyo kabla sijahifadhi Alhamdu. Basi siku ile mbuzi alipokatiza mbele yetu, kichwa kilisema kushoto, mikono ikafanya ilivyozoea, tukauingia ukuta ulio kulia. Mbuzi alipona. Mke wangu alicheka mpaka pumu ikamshika, na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza pumzi ya mtu inavyoweza kukataa kuingia kifuani.

"Gari halina kana, mchu wa Koyama we!" alisema alipopata sauti.

Somo la pili halikuwako. Vita viliingia mjini, tukakimbilia Kenya kwa mashua, na katika kusukumana kwa watu goti lake likabanwa kati ya mashua na gati. Halikukunjika tena. Miaka zaidi ya ishirini tuliimalizia ugenini, kwanza kambini, kisha vyumba vya kupanga, mimi nikivua kwa vyombo vya watu. Sikugusa gari. Nilikuwa nikisema sina haja nalo. Uongo mtupu, niliogopa.

Tuliporudi Kismayo tulipata nyumba pembezoni mwa mji, mbali na hospitali. Kaka yake, alipokwenda ughaibuni, akatuachia gari lake kuukuu. Likakaa uani miezi, kuku wakitaga chini yake. Pumu nayo ilikuwa imezidi. Bajaji ikipatikana tulikwenda. Isipopatikana tulikaa tukitazamana, yeye akihangaika na mimi nikisoma dua. Asubuhi moja akaweka funguo kwenye sahani yangu, juu ya mkate wa anjera.

"Kwa umri huu?" nikamuuliza.

"Goti langu halikanyagi klachi, na kifua changu hakingoji bajaji," akasema. "Siku moya utanizika kwa sababu ya ukuta wa jirani."

Nilikasirika. Nilikula anjera yote bila kumtazama, kisha nikaenda kuwafukuza kuku.

Tulianzia kwenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Mimi, mzee mwenye ndevu nyeupe, nazimisha gari mara kumi huku watoto wa madrasa wakinihesabia. Klachi niliishinda kwa wiki mbili. Usukani haukushindika. Nikiwa nimetulia nilikwenda sawa. Kikitokea cha kunishtua, mikono ilirudi baharini. Siku moja nusura nimkanyage mama muuza maziwa ya ngamia. Alinitukana kwa Kisomali mpaka akamaliza ukoo wangu wote. Mke wangu alinionyesha tu niwashe gari tena, na siku hiyo nilimchukia kwa kule kutulia kwake.

Ndipo nikajitungia dawa yangu, na dawa hiyo ndiyo kosa. Niliamua mikono yangu isiachiwe tena kuamua kitu. Kabla ya kila kona nilisimamisha gari nikangoja. Yeye akisema "kulia", narudia kwa sauti, "kulia", kisha nauzungusha usukani polepole. Tuliuzunguka mji mzima hivyo bila mkwaruzo. Majirani wakanisifu. Yeye hakunisifu.

"Huu si udereva, nahodha," alisema. "Dereva ni mimi, we ni mikono tu. Macho si unayo? Amua mwenyewe."

Nikamjibu kwamba haraka haraka haina baraka. Nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa moja, adhuhuri, nilibaki nyumbani kwa sababu tangu alfajiri kifua chake kilikuwa kikilia. Dawa yake ya kuvuta ilikwisha. Nikatoka barabarani; mji wote ulikuwa msikitini, hapana bajaji hata moja. Nikambeba, nikamweka kiti cha mbele. Alikuwa bado na maneno mawili.

"Haye. Twende."

Gari likawaka mara moja. Kwenye kona ya kwanza sauti haikumtoka, akainua kidole kuelekea kulia. Kona ya pili akakiinua tena, kushoto. Na niliendesha vizuri. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwamba sikuwahi kuendesha vizuri kama siku ile. Gia ziliingia, mashimo niliyakwepa, askari wa kizuizi cha barabarani alituona akashusha kamba bila kuuliza. Nilikuwa nikimwambia, "Tumefika, tumefika," naye akiitikia kwa kichwa.

Tukafika njia panda ya mwisho. Nikasimamisha gari kama kawaida yangu. Hospitali ilikuwa kulia, ukuta wake mweupe ukionekana kutoka pale pale nilipo. Mtaa ule niliujua tangu kabla ya vita. Nikautazama mkono wake. Ulikuwa umelala pajani.

"Kulia?" nikauliza.

Nikangoja. Nikauliza tena. Nyuma yetu hapakuwa na gari la kunipigia honi, mbele hapakuwa na mbuzi wala mtu. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani, na sikuthubutu kuuzungusha.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipofika pale, kipaza sauti cha msikiti wa pale njia panda kilikuwa kikitoa kisomo cha rakaa ya kwanza. Niliposhtuka, watu walikuwa wakitoka, wakitafuta viatu vyao mlangoni, na mmoja wao alikuwa ameshafungua mlango wa gari upande wa mke wangu, anamfunika uso kwa mtandio wake.