Kufuata Mzizi wa Mama Milimani Ileje

Niliondoka Mkwajuni kwa sababu ya tumbo la mume wangu, Simoni. Lilimwendesha, likaacha, kisha likarudi, hadi suruali zikawa zinamvuka. Zahanati ilikuwa imeishiwa vidonge, na miaka ile ya uhaba hakuna aliyejua vingine vitakuja lini. Nikakumbuka mzizi ambao marehemu mama alikuwa akitunywesha utotoni, kwetu Ileje.

Alfajiri nilipanda lori la mahindi hadi Mbalizi, nikiwa na samaki wakavu wa Rukwa kwa ajili ya kaka yangu, Yesaya. Kutoka hapo basi likanifikisha Mpemba, karibu na Tunduma. Kesho yake nikapata gari la Isongole, halafu nikapanda mlima kwa miguu.

Njiani nilipita kijiji cha ujamaa walikohamishiwa wazazi wangu. Nyumba yetu ya kilimani ilibomolewa wakati ule, na mama akaambiwa kilima kizima kitakuwa shamba la kijiji. Hakulilia nyumba. Alililia bustani yake ya dawa kando ya chemchemi, na akafia kule chini bila kupanda nyingine.

Kilimani nilikuta nyumba mpya ya bati. Ilikuwa ya Yesaya, mwenyekiti wa kijiji. Pareto iliyoizunguka ilikuwa yake pia.

"Karibu, dada. Shemeji hajambo?"

"Ndiye mgonjwa, kaka. Nimefuata ule mzizi wa mama."

Alipokea samaki, akampa mkewe, Tabitha. "Siku hizi kilima ni cha kijiji," akasema. "Mtu hachimbi ovyo."

"Cha kijiji? Mbona naona pareto yako tu?"

"Umekuja kuomba dawa au kugombana?"

Nikajibu kwamba nimekuja kuomba. Neno hilo lilinichosha kuliko mlima.

Asubuhi alitupeleka chemchemini, mimi na wifi Tabitha. Bustani ilikuwa imelimwa, na kilichobaki ni ukanda mwembamba penye unyevu. Tabitha alishika jani lililochanika kama vidole. "Si huu, wifi?"

"Huo maua yake ni ya njano," nikamwambia. "Utakubabua mdomo." Wa mama ulikuwa pembeni yake, majani yanafanana, lakini ua ni la zambarau hafifu, na tunda lake refu limechongoka kama mdomo wa ndege. Bwana shamba mmoja aliwahi kuniambia kitaalamu ni jeraniamu ya porini. Nilichimba, nikatafuna kipande kidogo. Ukakasi ukanikaza ulimi. Ulikuwa wenyewe.

Yesaya alisimama juu yetu. "Hiyo minene iache. Chukua midogo."

Nikachukua midogo. Tabitha aliinama kufunga kanga yake, na alipoinuka alinisukumia mzizi mnene ndani ya kikapu changu, chini kabisa. Hakunitazama.

Mkwajuni nilimkuta Simoni kitandani. Nilichemsha mizizi hadi maji yakawa mekundu, akanywa kidogo kidogo. Tumbo likatulia, taratibu. Sijui kama ni mzizi, au ni vile nilivyoanza kumchemshia kila tone la maji. Alipoweza kukaa, akasema, "Kaka yako ni mtu mwema. Mpelekee shukrani." Nikaenda jikoni.

Ule mnene nilikuwa nimeubakiza, kwa kuwa ulikuwa na chipukizi. Niliupanda nyuma ya bafu, penye kivuli, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Ulitoa majani mawili. Joto la Mkwajuni lilipopanda, yakajikunja na kukauka, na nilipoufukua mzizi ulikuwa umeoza.

Nilichojifunza ni hiki: maji na kivuli ningeweza kuupa mmea ule, lakini unataka baridi ya kilimani. Mwaka uliofuata tumbo la Simoni lilirudi. Nikanunua samaki wakavu, nikaenda tena kumwomba kaka yangu ruhusa ya kuchimba mzizi wa mama yetu.