Siku Niliyoteremka Mlima Kinyumenyume

Chekeni mapema mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi, mama wa watoto watatu, nesi wa wodi ya wazee kule Plano, karibu na Dallas, niliteremka mlima wa theluji kinyumenyume huku watu wakinipigia makofi, na hadi leo sielewi kama siku ile niliaibika au nilisifiwa.

Ilikuwa likizo ya Krismasi, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, vijana wa kanisa letu la Wakenya wakapanga safari ya kuteleza kwenye theluji New Mexico (Dallas ukitaka mlima unakaa kwenye basi siku nzima), nami nikachaguliwa kuwasindikiza ili mtu akivunjika mguu, nesi yupo. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini na sanduku la dawa, basi. Lakini wiki moja kabla nilipita kwenye duka la vifaa vya michezo lililokuwa likifungwa, nikaona ski fupi, zile mbao za kuvaa miguuni za kutelezea, zikisimamishwa zinanifikia pajani tu, nikajiambia, zile ndefu ndizo zinazokimbia, hizi fupi zitakuwa za watu wazima wenye akili zao. Nikanunua.

Binti yangu Kendi, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alipoziona pale mlimani alishika kichwa.

"Mum, hizo ni skiboard. Ni za watu wa madoido!"

"Ni fupi," nikamwambia.

"Najua ni fupi, lakini Mum..."

"Kendi, nani alimzaa mwenzake?"

Akatangulia kwenye foleni. (Ningemwacha tu amalize ile sentensi!)

Tukapanda kile kiti kinachoning'inia kwenye waya, tukafika juu, nikashuka bila kuanguka, kichwa kikavimba. Nikainama kuzitazama vizuri, na hapo ndipo nikaona ncha zimekunjwa juu pande zote mbili, mbele na nyuma sawasawa, sasa mbele ni wapi? Nikamgeukia Kendi nimuulize, nikaona Kendi anakuwa mdogo. Si yeye tu, kibanda pia, na miti, mlima mzima unaniondokea! Unajua ukiwa kwenye gari limesimama na la jirani likaanza kusogea, hujui ni nani anayekwenda? Hivyo hivyo. Kendi anapiga kelele, "Mum, geuka! Geuka!" nami nawaza, nigeuke wapi tena na ninamwangalia yeye?

Fimbo za kujishikilia sina, mikono inapepea, mguu mmoja umepanda hewani wenyewe, na watu wanatokea mgongoni kwangu na kuhamia mbele ya uso wangu, kila mmoja amefungua mdomo. Kumbe kuteleza kinyumenyume ni ufundi ambao watu hujifunza miaka! Wakaanza kupiga makofi. Kijana mmoja mwenye kamera akanishangilia, nami (sijui nilikuwa nafikiria nini) nikampungia kwa adabu.

Kisha nikaingia kwenye wavu wa rangi ya machungwa, nikauangusha pamoja na foleni yote ya wanafunzi wa kuteleza iliyokuwa nyuma yake, hapo katikati ya mlima.

Wakaja waokoaji wawili wa mlimani. Maswali waliyoniuliza ndiyo yale yale ninayowauliza wazee wangu kila asubuhi kupima kama akili iko sawa.

"Jina lako nani?"

"Mama Kendi."

"Uko wapi?"

"Mexico."

Wakatazamana.

"Rais ni nani?"

"Wa wapi?" nikauliza, na haki sikuwa na mzaha, wiki hiyo nyumbani walikuwa wamepiga kura na sisi tuko mlimani, matokeo hatujui.

Wakanivisha kola ya shingo, wakanifunga kamba kwenye machela ya kuburutwa. Mmoja akawauliza vijana wetu kama kundi lao lina nesi. Wote wakaninyooshea kidole.

Kendi akafika anahema, machozi yamejaa. "Mum, unanijua mimi ni nani?" Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikaelewa kitu: alifikiri amenipoteza.

"Wewe ni Kendi, na hii kamba inanibana."

Akacheka, akalia, akawaambia wale waokoaji, "Yuko sawa, ndivyo alivyo." Hawakumwamini. Nikaburutwa hadi chini mbele ya kanisa zima, naye akatembea kando yangu ameshika glavu yangu bila kujali nani anatazama.

Zile ski nilimwachia aliyezitaka palepale, na nimeapa sitavaa tena miguuni kitu ambacho sijui mbele yake ni wapi. Ila wodini nimebadilika kidogo. Nikimuuliza mzee rais ni nani naye akanikodolea macho, siandiki haraka kwamba amechanganyikiwa. Navuta kiti, nakaa, namngoja.