Kioo Alichokipangusa Sista Getrude kwa Miaka Kumi na Mmoja

Saa moja asubuhi mvua inapiga mabati ya Kirongwe, na ndani ya gari la kliniki ya mkoba kioo cha mbele kimeshafumba. Valence Mutalemwa anapunguza mwendo na kusema neno moja tu: "Sista."

Mkono wa Sista Getrude unavuka na kipande cha kanga, unachora nusu duara mbele ya dereva, unarudi. Barabara inaonekana tena, kwa dakika mbili hivi.

"Baba Faraja, leo unahema kama ng'ombe," Getrude anamwambia Valence.

"Na wewe umeongea tangu Kilindoni. Nusu ya ukungu huu ni maneno yako."

Valence, 57, alikuja kisiwa cha Mafia kutoka Kagera mwaka 2004 akiwa na begi moja na leseni ya udereva. Kila Jumanne na Alhamisi humpeleka muuguzi hadi Bweni, jirani na Ras Mkumbi, kupima na kuchanja watoto. Kuna siku huwa arobaini na zaidi. Muuguzi huyo tangu mwanzo ni Getrude, na kesho anastaafu. Hii ni safari yao ya mwisho.

"Watu wanadhani ukungu huu unatoka nje," Valence anaeleza. "Hapana. Ni pumzi zetu na nguo zilizolowa. Zikikutana na kioo kilichopozwa na mvua, basi, huoni kitu."

Feni ya kupulizia kioo ilinyamaza mwaka 2014. Tangu hapo amejaribu kusugua kioo kwa sabuni kavu, kukifuta kwa gazeti na kuacha dirisha wazi upana wa kidole. Masika moja akakumbuka ujanja wa bara: chumvi kavu ndani ya kitambaa, inyonye unyevu. Akafunga chumvi ya mawe, akaiweka juu ya dashibodi. Kufika Alhamisi chumvi yote ilikuwa maji, na maji yameingia redioni. Redio haijasema tena.

"Umeitoa baharini, ikataka kurudi kwao," Getrude anamkumbusha. Wanacheka mpaka kioo kinafumba upya.

Bila redio, waliongea. Kila mahali njiani pana habari yake. Kwenye mteremko huu Valence alimwambia kwamba Faraja, bintiye, amefaulu mtihani. Kwenye daraja lile Getrude alimlilia marehemu mumewe, na dereva akaendesha polepole, akijifutia kioo mwenyewe.

Lakini wiki hii Valence ana wasiwasi. Happy, muuguzi kijana anayempokea Getrude, amekwisha kukataa kwa adabu: "Shikamoo nawapa, wazee wangu, ila gari lisiloona njia sipandi." Ana haki. Mwaka jana, kwenye mvua kama hii, walimkosakosa mwendesha baiskeli. Na bila muuguzi hakuna safari. Akina mama wa Bweni watalazimika kubeba vichanga hadi mjini.

Wanapita kijiji cha Jimbo. Getrude anafungua pochi na kukunjua kipande cha plasta. Ndani yake mna fyuzi ndogo ya bluu.

"Niliichomoa mimi," anasema, bila kumtazama. "Feni ilikuwa inanguruma, nikawa sikusikii. Nikasema nitairudisha kesho. Kesho ikawa miaka."

Valence anaegesha pembeni.

"Dereva gani hajui fyuzi za gari lake, Sista? Niliweka mpya, nayo ikatoweka. Nikaelewa. Sikuweka ya tatu."

"Na yule wa baiskeli?"

Valence anaipokea fyuzi. "Yule ningemuua kwa sababu ya maongezi."

"Tulikosea."

"Tulikosea sana, dada yangu."

Anainama chini ya usukani na kuichomeka. Feni inakohoa, inatema vumbi na panzi mkavu, kisha inanguruma. Ukungu unarudi nyuma taratibu kuanzia chini ya kioo, na barabara ya Bweni inatokea yote, na madimbwi yake. Getrude anasema kitu.

"Unasemaje?"

"Nasema Happy sasa atapanda!"

Jumanne ijayo Happy atakaa kiti hicho. Getrude harudi bara. Amejenga Ndagoni, hapa hapa kisiwani, na Valence amepanga kumtembelea kwa pikipiki kila Jumamosi. "Kuna habari ya mdogo wake hajaimaliza, na kwa kelele hizi leo haitamalizika," anasema.

Yeye mwenyewe amebakiza miaka mitatu astaafu, na anataka kuimaliza yote kwenye njia hii.

"Mvua ikikatika nitakuwa naizima feni kidogo," anaongeza. "Nione kama binti huyu naye ana maneno."