Nikitoka Shamba Nitalitazama

Kamusi yetu ya Kifipa haina mwenyewe. Tunaijenga mtandaoni kwa kujitolea. Yeyote anaweza kuichukua, kuisahihisha, kuongeza neno. Ila sisi tumelelewa kwamba mkubwa akiwepo mdogo hatangulii kusema, basi tukaweka sharti: neno haliingii mpaka likubaliwe na kaka yetu wa Namanyere, aliyetuzidi wote umri na Kifipa. Wenzetu wa mbali wakatuonya kwamba kumtegemea mtu mmoja ni hatari. Tukacheka. Adabu nayo ina hatari gani?

Kaka alikuwa mkulima. Ili mtu asijione amepuuzwa, aliweka jibu linalojituma lenyewe: ukituma neno tu, unapata, "Nimelipokea, ndugu yangu. Nikitoka shamba nitalitazama." Na kweli, jioni alilitazama.

Alifariki mvua zilipoanza. Tulimzika pembeni mwa shamba lake la mahindi, nikarudi mjini, mtaa wa Majengo, kwenye duka langu la kutengeneza kompyuta. Haukupita muda, binti wa Kisukuma wa Mtowisa, aliyejifunza Kifipa kwa majirani, akatuma neno. Jibu likamjia mbele yetu sote: "Nimelipokea, ndugu yangu." Jamani! Nikafunga duka mchana kweupe.

Maneno yakazidi kuja, marehemu akazidi kuahidi. Hakuna lililoingia. Uwezo wa kumwondoa kwenye nafasi ya kukubali maneno nilikuwa nao mimi, lakini kila nikisogeza kidole, mkono unagoma. Nimfute kaka? Mimi nani? Nikaanza kuiogopa simu yangu mwenyewe. Wachangiaji wakapungua, hadi binti naye akaandika: "Kama hamnitaki kwa kuwa si Mfipa, semeni tu, niache." Ilinichoma. Yeye akiondoka, kamusi imekufa.

Nikapanda basi la Namanyere kumwomba mjane ruhusa. Nilimkuta akipepeta maharage.

"Shemeji, kaka bado anawajibu watu," nikasema, nikamsogezea simu.

Alisoma, akatazama kule mahindi yalikoanza kubeba. Niliogopa atalia.

"Hajadanganya," akasema. "Si yuko shamba?"

"Yuko, shemeji."

"Basi huko hatoki. Mimi mwenyewe nimeacha kumpakulia juzi tu. Msimweke mtoto wa watu mlangoni."

Nikamwondoa pale pale, machozi yakinitoka, nikayakubali maneno ya binti moja baada ya jingine. Nilipoinuka kuaga, shemeji akanishika mkono.

"Hilo jibu lake usilifute," akasema. "Nifundishe na mimi kutuma neno."