Tuta la Chumvi la Bibi

Mnisamehe mwandiko wangu. Herufi zinapanda na kushuka, na makosa najua yamo. Niliishia darasa la saba na naandika polepole.

Kwetu ni Ivuna, karibu na ziwa Rukwa. Kila kiangazi akina mama hukwangua udongo wa chumvi penye chemchemi na kuurundika tuta, kila mtu lake. Baadaye huuchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha huchemsha yale maji mpaka chumvi ibaki. Lakini kwa desturi hakuna anayewasha moto kabla ya mama mkubwa wa chemchemi, yule mzee anayesimamia kazi ya chumvi. Mwaka ule wa kuhamia vijijini mama mkubwa alikuwa msibani, akachelewa kurudi. Tuta la bibi yangu lilinipita kimo, na bado halijachujwa. Ndiyo yalikuwa mahindi yetu ya mwaka mzima, maana watu wa milimani Mbozi hutupatia mahindi, nasi tunawapa chumvi.

Ofisa mmoja wa serikali akaitisha mkutano. Alisema lori litakuja keshokutwa kutupeleka kijiji kipya, mbali, huko barabarani. Bibi hajui Kiswahili. Akanisukuma mbele, akaninong'oneza kwa lugha yetu, "Mwambie atupe siku saba tu, mama mkubwa arudi tuchemshe. Mvua iko karibu."

"Haya, binti wa shule," ofisa akasema, "bibi anasemaje?"

Watu wote wakanitazama. Mimi hata darasani nilikuwa nikijibu huku nimeinama.

"Sema basi!" jirani mmoja akacheka. "Au ulimi umeusahau shuleni?"

Nikasema, "Anasema sawa."

"Mnaona?" ofisa akawaambia watu. "Bibi mzee kabisa, na amekubali! Mpigieni makofi."

Wakapiga. Bibi akatabasamu, akapiga na yeye. Alidhani tumepewa siku saba.

Siku hiyohiyo ningeweza kumfuata ofisa. Nilifika mpaka penye gari lake, nikasimama nyuma ya gurudumu. Alipotoka nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, akapanda, akaondoka.

Lori lilipokuja bibi alikuwa anapasua kuni za kuchemshia. Walipakia vyungu, kuku na mlango wa nyumba yetu. Yeye aliwaonyesha vidole saba, tena na tena. Dereva naye akamwonyesha vidole, akidhani ni salamu za kwetu. Mimi nilikuwa nimeshapanda, nimeshika kuku.

Mvua ilitukuta kijiji kipya, hata paa hatujaezeka. Bibi alikaa chini ya turubai la watu, uso ameuelekeza kule chemchemi, mpaka mvua ilipokatika. Tulipopata ruhusa ya kwenda kutazama, pale penye tuta palikuwa na tope jeupe na nyayo za ng'ombe waliokuja kuramba.

Bibi akanishika bega. "Wewe ulisema vizuri, mjukuu wangu. Wao ndio hawana masikio."

Mwaka ule tulikula mihogo ya kuomba, na kila tulipokula alirudia maneno hayo kwa wageni, kunisifu.

Bado yuko hai, nami bado sijamwambia. Ninyi msomao, kama kuna aliyewahi kunyamaza hivyo kisha akaweza kusema, naomba aniandikie alianzaje. Andikeni bila woga. Nyumbani kwetu anayejua kusoma ni mimi peke yangu.