Paja la Chui Milia

Mimi niko na simba mikononi. Hapa Wamunyu, kwenye banda letu la wachongaji, kila mzee ana mnyama wake: huyu twiga, yule kifaru, na mimi simba, tangu nilipoacha shule darasa la tatu. Sipimi, siangalii picha. Naubana mti kwa miguu, tezo inajua njia.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa kutoka Syokimau alikuja kuagiza simba na chui milia, yule paka mkubwa wa Asia. Watoto wake darasani walikuwa wanabishana nani ana nguvu zaidi, akataka wawashike wenyewe. Nikakubali haraka, maana pale bandani maneno yalikuwa yameanza kwamba mikono yangu imechoka, nirudi nyumbani nichunge mbuzi. Nilitaka kuwafunga midomo.

Siku mwalimu alipokuja kuchukua kazi yake, jirani yangu, mzee wa twiga, alicheka mpaka akakohoa.

"Wee! Huyo ni simba amenyolewa akavalishwa shati ya milia!"

Banda lote likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Alitoa simu.

"Mzee wangu, hebu tuangalie pamoja."

Nikaona. Simba nguvu zake ziko mbele: mabega juu, shingo nene, na yale manyoya ya kumkinga akipigana. Huyu mwingine ni mrefu wa mgongo, mzito, na miguu ya nyuma imepita ya mbele kwa urefu. Hiyo ndiyo inamrusha. Tena anavuka mto akiogelea kama mtu anayeenda sokoni. Mimi nilikuwa nimempa mabega ya simba, kwa sababu mkono wangu haukuwahi kuulizwa kitu kingine.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia.

Ya kwanza niliharibu vipande viwili vya mjakaranda. Tezo ilikimbilia mabega tu. Marehemu mke wangu alikuwa akisema mimi ni mbishi hata nikiwa usingizini, na ni kweli, lakini tuyaache hayo. Aliniachia paka, na paka ndiye alinisaidia. Asubuhi moja nilimwona akitaka kurukia ghala la mahindi. Kwanza alishusha makalio, akakunja mapaja kama mtego. Nikamkamata, nikampapasa mapaja yote mawili. Alinikwaruza, nikamsamehe. Siku hiyo hiyo nikaanza kuchonga kutoka nyuma, jambo ambalo sijawahi kufanya maishani, mabega nikayaacha mwisho.

Mwalimu aliporudi alifumba macho, akawapapasa wanyama wote wawili.

"Huyu simba," akasema. "Na huyu... huyu karibu aruke."

Mwalimu akaondoka. Kisha mzee wa twiga akaja na kipande chake cha mti, akaketi kando yangu.

"Nionyeshe hilo paja. Hata mimi twiga wamenichosha."

Nikamwambia kwanza atafute paka.